Sindano ya Mwaka wa Pili

Mbwa wa kwanza kufika aliitwa Tumechoka. Kijana wa miaka kama kumi alikuwa akimvuta kwa kamba ya katani, na Tumechoka naye alikuwa amejikita kwa miguu yote minne vumbini kama ndama anayepelekwa josho. Saa mbili asubuhi ilikuwa bado haijatimia, chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji, upande wa magharibi wa Serengeti. Jana yake jioni pikipiki ilikuwa imezunguka vitongojini na kipaza sauti: leteni mbwa, leteni na paka, chanjo ni bure. Saa tatu ilipogonga, foleni ilikuwa imefika barabarani.

Nimehudhuria harambee nyingi za kusaidia wanyama, zile za kwenye ukumbi wenye feni na viti vilivyovishwa vitambaa, na hakuna hata moja iliyonifundisha kiasi cha foleni ile. Watoto walikuwa wengi kuliko watu wazima, kwa sababu mbwa wa vijiji hivi humtii mtoto anayemtupia ugali, si baba mwenye boma. Wengine walikuwa na mnyororo wa ng'ombe, wengine ukanda wa suruali, msichana mmoja alikuwa amembeba mbwa wake mabegani kama wachungaji wanavyobeba kondoo mgonjwa. Kulikuwa na Simba wanne, Popi wawili, na mmoja aliyeitwa Jirani Usinune. Mtaalamu wa mifugo wa kata alibana ngozi ya shingo kwa vidole viwili, akachoma, akaachia. Mililita moja. Mwenzake akamchora mbwa mstari wa rangi kichwani, ule ule unaochorwa kwenye mbuzi mnadani, na wa tatu akaandika kadi: jina la mwenye mbwa, jina la mbwa, jinsia, tarehe.

Mzee mmoja alikuja na mbwa watano. Alisubiri zamu yake kimya, akapokea kadi tano, akazikunja ndani ya kofia, kisha akauliza swali ambalo nadhani foleni nzima ilikuwa nalo: "Daktari, hawa wafadhili wanatafuta nini kwa mbwa wetu?"

"Shikamoo mzee. Wanatafuta simba."

Watu walicheka. Mtaalamu hakuwa akitania.

*

Mwanzoni mwa 1994, watalii waliokuwa wakielea juu ya Serengeti kwa puto la hewa moto walimwona simba dume chini yao akitetemeka, misuli ya uso ikimcheza, akianguka na kushindwa kuinuka. Wiki zilizofuata wakaonekana wengine, na wengine. Wapo waliokufa kwa degedege, wapo waliotembea kama walevi hadi fisi wakawamaliza. Mwaka ulipokwisha, Serengeti ilikuwa imepoteza takriban theluthi moja ya simba wake, karibu elfu moja kati ya elfu tatu, na ugonjwa ulikuwa umevuka mpaka hadi Maasai Mara bila kuonyesha pasipoti.

Craig Packer, aliyekuwa akiwafuatilia simba hao kwa miaka mingi, na Melody Roelke-Parker, daktari wa wanyama, walikuwa miongoni mwa waliotafuta jibu. Vipimo vilionyesha ni distempa ya mbwa, ugonjwa wa jamii moja na surua ya binadamu. Kabla ya hapo vitabu vingi vilichukulia kwamba simba haumwi ugonjwa huo. Na ulitoka wapi? Kidole kilielekezwa vijijini, kwa kina Tumechoka na kina Popi wa wakati huo, maelfu ya mbwa wasiochanjwa waliokuwa wakiishi kandokando ya hifadhi. Fisi huingia bomani usiku kutafuta mifupa, hupambana na mbwa, kisha hurudi mbugani na kula mzoga mmoja na simba. Virusi havikuhitaji njia nyingine.

Baadaye ilikuja kugundulika kwamba distempa haikuua peke yake. Mwaka 1993 ulikuwa wa ukame mkali, nyati walidhoofu na kujaa kupe, simba wakawala nyati hao na kupata vimelea vya damu vinavyoenezwa na kupe. Distempa ilipowakuta, kinga ya mwili ikashuka, na vimelea vikamaliza kazi. Nayataja haya kwa sababu wachangishaji fedha hupenda hadithi yenye adui mmoja, na porini adui mmoja ni nadra.

Miaka mitatu kabla ya simba, mbwamwitu walikuwa wameshatoweka kabisa katika nyanda za Serengeti. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa katika kundi lao mojawapo mwaka 1990, na mwaka uliofuata makundi yaliyokuwa yakifuatiliwa na watafiti yalikuwa yamekwisha. Wanasayansi waligombana kwa miaka juu ya kilichowamaliza. Wapo waliowalaumu watafiti wenyewe kwa kuwashikashika wanyama. Ila hakuna aliyebisha kwamba wanyama hao adimu walikuwa wakilala umbali wa usiku mmoja wa kutembea kutoka kwa mbwa ambaye hajawahi kuona sindano.

Ndipo kazi ya chini ya mwembe ilipoanza. Mpango wa kwanza ulipewa jina la simba, na mzee wa kadi tano alikuwa na haki ya kushangaa: jina lilikuwa la simba, sindano ilikuwa ya mbwa. Kampuni ya dawa ya Intervet, ambayo leo imo ndani ya MSD, ilitoa chanjo za msaada. Bustani ya wanyama ya Lincoln Park ya Chicago ikaja kubeba sehemu ya mzigo kuanzia 2003. Tafsiri yake ni kwamba mtu aliyeichangia bustani ambako mwanawe alimwona simba nyuma ya kioo Marekani, katika jiji ambalo baridi yake huumiza masikio, alichangia kumchanja mbwa wa Mkurya au wa Msukuma asiyejua Chicago iko wapi. Sijui msaada mwingine uliozunguka kwa njia ndefu namna hiyo ukafika.

*

Sasa nirudi kwa mbwa mwenyewe, maana kwenye mabango ya kuchangisha fedha hayumo. Nimewahi kutoa fedha kwa taasisi moja ya kulinda wanyamapori, nisiyoitaja, nikaletewa cheti chenye picha ya simba niliyeambiwa ni "wangu", na kalenda. Mwaka mzima nilimtazama simba wangu ukutani. Hakuna aliyeniambia kwamba usalama wa simba huyo huenda ulitegemea mbwa mwenye kovu puani na kupe masikioni, na pengine wangeniambia nisingetoa. Uso wa simba unauza. Mbwa wa kijijini hauzi kitu, na katika lugha yetu jina lake ni tusi.

Lakini mbwa huyo huyo ndiye anayeua watu, na hapo ndipo hesabu inapobadilika. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na takriban wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka kumi na mitano. Virusi vinaingia na mate kwenye jeraha, vinapanda taratibu kwenye mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Inaweza kuchukua wiki kadhaa, inaweza kuchukua miezi. Katika muda huo mtu anapona kabisa kwa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa, kisha kuwahi chanjo hospitalini. Dalili zikishaanza, yaani koo kubana, maji kumtisha, mashetani kusingiziwa, hakuna dawa. Anayeishi jirani na zahanati isiyo na chanjo anauza mbuzi, anapanda basi kwenda wilayani, na akifika anaweza kuambiwa zimekwisha. Hayo yanajulikana kijiji kizima. Ndiyo maana foleni ilikuwa ndefu. Wafadhili walikuwa wamefuata simba, kina mama walikuwa wamefuata watoto wao, na mbwa alikuwa katikati akivuta kamba.

Sarah Cleaveland, daktari wa wanyama kutoka Uingereza aliyefanya kazi miaka mingi katika eneo hilo, alipima kinachotokea. Katika wilaya ya Serengeti, baada ya kampeni ya kwanza ya chanjo katika miaka ya 1990, kichaa cha mbwa kilipungua kwa asilimia 70. Baada ya kampeni ya pili kilipungua kwa asilimia 97, na watu waliofika hospitali baada ya kung'atwa na mbwa wanaoshukiwa nao wakapungua. Baadaye Katie Hampson na wenzake walifuatilia mng'ato mmoja baada ya mwingine, boma kwa boma, nani alimng'ata nani, wakakuta kwamba kwa wastani mbwa mwenye kichaa huambukiza mbwa mmoja na kidogo tu. Mmoja na kidogo! Ugonjwa unaotutia hofu kiasi hiki unaning'inia kwenye uzi mwembamba. Chanja mbwa saba katika kila kumi, na uzi unakatika.

Kwa nini saba, ikiwa hata wachache zaidi wangetosha? Kwa sababu mbwa wa kijijini haishi sana. Leo umemchanja, kesho chui kamchukua, keshokutwa jike kazaa sita. Kijiji kilichochanja asilimia 70 mwezi Juni kinaweza kuwa kimeshuka karibu nusu ifikapo Juni nyingine, bila mtu kukosea popote. Vitoto vya mbwa ndivyo vinavyotoboa ngao hiyo. Siku ile niliona msichana amebeba vitatu kwenye ndoo ya plastiki, macho yamefunguka juzijuzi. Mwaka mmoja, alisema, walimrudisha, wakamwambia bado wadogo. Siku hizi inajulikana kwamba chanjo ya kichaa huwafaa hata walio chini ya miezi mitatu, na mtaalamu akawachoma wote watatu, mmoja akamkojolea.

Shida nyingine ni baridi. Kwa maelekezo ya kiwandani chanjo inapaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na friji ya uhakika ya karibu iko makao makuu ya wilaya. Kwa hiyo timu huondoka mjini na boksi la barafu, huchanja kijiji kimoja, hurudi, na sehemu kubwa ya fedha ya ufadhili inaishia kwenye tangi la dizeli. Utafiti uliofanyika Tanzania ulikuta aina moja ya chanjo hiyo ikifanya kazi vilevile hata baada ya kukaa miezi sita kwenye nyuzi 25. Watu wakaanza kufikiria vyombo vya udongo vinavyopozwa na maji yanayovukiza, kanuni ile ile ya mtungi wa bibi uliokuwa kona ya jikoni. Chombo kama hicho kikikaa kijijini pamoja na mtu aliyefunzwa, mbwa anaweza kuchanjwa siku yoyote, na ndoo ya vitoto haisubiri gari la mwakani. Katika kazi nzima ya kulinda wanyama ninayoijua, sijakutana na wazo linalonifurahisha kama hili, na nina hakika halitawahi kupata bango lake.

Kusini zaidi, Blantyre nchini Malawi, shirika la Mission Rabies lilikwenda kwa mtindo wa jeshi: mwaka 2015 walichanja mbwa zaidi ya 35,000 katika siku 20, vituoni na nyumba kwa nyumba, huku simu za mkononi zikionyesha mtaa upi umerukwa. Na kaskazini, kwenye milima ya Bale ya Ethiopia, wanaolinda mbwamwitu mwekundu wa nyanda za juu, aliyebaki chini ya mia tano duniani, hutumia muda mwingi kuchanja mbwa wa wafugaji. Kichaa kimeshawapiga mbwamwitu hao mara kadhaa tangu miaka ya 1990, na kila mara kilianzia kwa mbwa.

*

Kuna njia ya mkato, na halmashauri zetu zinaijua: kupiga mbwa koko risasi, au kuwatupia nyama yenye sumu. Nimeishi mtaa ambao jambo hilo lilifanyika. Asubuhi walikuwa wamelala kando ya mfereji, miongoni mwao mbwa wa jirani yangu aliyekuwa na kadi ya chanjo. Miezi michache baadaye mtaa ulikuwa na mbwa tena, wageni, wasiochanjwa hata mmoja, kwa sababu jalala lilikuwa pale pale. Kuua kunampa kiongozi picha ya kazi iliyofanyika, hakumpi ngao.

Upo pia ugumu unaosemwa kwa sauti ya chini huku pwani: mbwa ni najisi, kwa nini Muislamu atoe sadaka yake kwa mbwa? Nimewahi kuulizwa hivyo na mtu ninayemheshimu, tukiwa barazani. Sikuwa na haja ya kwenda mbali. Kila aliyekaa chuoni anamjua mwanamke aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu maji ya kisima kwa kiatu chake. Mate ya mbwa huoshwa, kiu yake hunyweshwa, na haya mawili hayajawahi kugombana. Mwenyeji wangu alinyamaza kidogo akaniambia, "Basi mwambie huyo mbwa asiingie msikitini." Nikamwambia nitamfikishia.

Na ni kisiwa cha Waislamu kilichonipa ushahidi bora kuliko wote. Pemba mbwa si wengi. Wengi wao hulinda mashamba. Mwaka 2010 kichaa kilikuwa kikizunguka kisiwani kwa minyororo mitano ya maambukizi, kama ilivyoonekana baadaye vinasaba vya virusi viliposomwa. Chanjo ya kila mwaka ikaanza, mwanzoni kwa kusuasua, kisha ikafika kisiwa kizima. Mnyororo mmoja mmoja ukakatika. Ifikapo Mei 2014 yote mitano ilikuwa imekwisha. Kisiwa kizima hakikuwa na mbwa mwenye kichaa.

Mtu anayejua fedha za ufadhili anaweza kubahatisha kilichofuata. Ugonjwa umekwisha, kampeni ya nini tena? Chanjo ikalegea. Mwishoni mwa 2016 virusi vikaingia tena mara mbili kutoka nje ya kisiwa, vikakuta mbwa waliozaliwa chanjo ikiwa imelegea, wasiojua sindano, vikawaka. Watu wakang'atwa upya. Ilibidi kampeni ya kisiwa kizima irudishwe, na Oktoba 2018 mlipuko ukazimwa. Waliopiga hesabu walikuta kwamba kuchanja mbwa kila mwaka pamoja na kuwapa bure chanjo watu waliong'atwa kunagharimu dola 1,657 kwa kila kifo kinachoepushwa. Kuwachanja waliong'atwa peke yao ni rahisi zaidi, dola 256, lakini hakukati mnyororo. Kila mwaka unalipa upya na watoto wanaendelea kung'atwa.

Kwa hiyo siku hizi taasisi ya wanyama ikiniomba mchango, siulizi wamewaokoa wangapi. Nauliza mwaka jana walikuwa wapi, na mwakani watakuwa wapi. Picha ya mbwa aliyevunjika mguu akibebwa mikononi haijibu hilo. Orodha ya vijiji yenye tarehe tatu mfululizo inajibu.

Na uaminifu unanidai niongeze kitu kinachowakera baadhi ya rafiki zangu wa mabango. Utafiti uliochapishwa 2015, uliotazama damu ya simba na mbwa ya miaka mingi, ulikuta kwamba chanjo ilipunguza distempa kwa mbwa, lakini kwa simba haikuonyesha tofauti inayopimika. Mwaka 1994 mbwa walitangulia, simba wakafuata. Miaka ya baadaye ugonjwa kwa simba ukawa na mwendo wake, dalili kwamba wanyama wengine wa porini nao wanauhifadhi. Yaani mpango ulioanzishwa kwa ajili ya simba umewafaa zaidi mbwa, na kwa upande wa kichaa, umewafaa zaidi watoto. Wapo wanaoona aibu kumweleza mfadhili hivyo. Mimi ningemweleza ukurasa wa kwanza. Aliyetoa kwa ajili ya simba na akaokoa mtoto wa Bunda ana lipi la kulalamika?

*

Nilirudi kijijini kwa mzee wa kadi tano mwaka uliofuata, mwembe ule ule. Tumechoka hakuwepo, kijana wake alisema alikufa kwa nyoka wakati wa mvua. Alikuwa ameleta mwingine, mweusi, anayeitwa Tumerudi. Mzee alitoa kadi tano kutoka kwenye kofia, zimeloa jasho na kukauka mara nyingi hadi wino umekuwa zambarau. Mbili aliziweka kando, wenye nazo wamekufa. Kwenye zile tatu mtaalamu alipitisha kidole chini ya mstari wa kwanza akaandika tarehe kwenye wa pili. Chini yake kulikuwa na mistari mingine minne mitupu.

Msichana wa ndoo naye alikuja. Kitoto kimoja kati ya vitatu kilikuwa hai, sasa jike refu lenye masikio yaliyochanika, limefungwa kwa ukanda wa mkoba wa shule. Alisubiri hadi rangi ikakauka kichwani mwa mbwa wake.

"Daktari, mwakani mtakuja?"

Mtaalamu alifunika boksi la barafu, akalibana kwa goti ili kifuniko kikae.

"Tukipata mafuta, mama."

Akaita namba inayofuata.